Kialbania na Kiromania: undugu wa zizini

Haya wadau, leo tunaacha korosho na bei zake, tunaenda mbali kidogo, tunaenda Balkani, ile kona ya Ulaya iliyobanana kati ya Italia na Uturuki. Najua kuna watakaosema huyu jamaa yuko zake Mtwara, huko Balkani kapoteza nini, lakini mimi mambo ya lugha yananishika vibaya, nikianza kusoma usiku bando likikata ndo nashtuka kumekucha, na hii ya Kialbania na Kiromania nimehangaika nayo muda sasa, kila nikidhani nimeimaliza inafunguka upya.

Wengi wetu hizi nchi tunazijua kwa mpira tu. Euro 2016 zilikuwa kundi moja, tarehe 19 Juni zikakutana Lyon, Armando Sadiku akapiga kichwa, Albania ikashinda 1-0, ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye mashindano makubwa. Mimi hiyo mechi niliitazama kibanda umiza maeneo ya Chikongola, goli lenyewe nimelisahau ila jamaa mmoja aliyekaa mbele yangu sijamsahau, aliuliza hivi hawa wakitukanana wanaelewana? Hawaelewani kabisa. Mwalbania akiongea Mromania anabaki kutoa macho. Wala siku hizi hawapakani, katikati yao kuna Serbia, kuna Macedonia Kaskazini, kuna Bulgaria. Lakini ukichimba chini ya hizo lugha mbili unakuta vitu vinafanana kwa namna ambayo haiwezi kuwa bahati tu, na vingi vyake havihusu serikali wala dini wala vita, vinahusu mbuzi. Mbuzi, maziwa, kupe na mavi ya ng'ombe. Hapo ndo paliponikamata.

Tuweke wazi kwanza nani ni nani. Kiromania ni mtoto wa Kilatini, hilo halina ubishi. Kaisari Trajan alipigana na Wadakia, wenyeji wa kale wa Romania ya leo, mara mbili, 101 mpaka 102 na tena 105 mpaka 106, akawamaliza, nchi yao ikawa jimbo la Roma, alafu ilipofika miaka ya 270 Kaisari Aurelian akaona pale hapakaliki tena, akaondoa jeshi na maofisa wake akawarudisha kusini ya mto Danube. Kwahiyo Kiromania ni ndugu wa damu wa Kireno, kile cha majirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, na hapo sisi watu wa kusini tuna kafaida fulani kwenye hii stori maana Kilatini kidogo tunacho mdomoni bila kujua. Meza yetu ni mesa ya Kireno, ambayo ilikuwa mensa ya Kilatini, na Mromania anaita masă. Mvinyo ni vinho ya Kireno, kwa Mromania ni vin, Mwalbania wa kusini anasema verë na wa kaskazini anasema venë, yote ya ukoo mmoja na vinum ile ya Warumi.

Sasa Kialbania ndo mtihani wenyewe. Hakina ndugu wa karibu aliye hai. Mpaka Mjerumani Franz Bopp alipokaa nacho mwaka 1854 ndo ikakubalika rasmi kwamba ni lugha ya familia ya Kihindi-Kiulaya, yaani ukoo mmoja mkubwa na Kiingereza, Kigiriki, Kirusi, Kihindi, lakini kikiwa tawi la peke yake, kama Kigiriki kilivyo peke yake. Kilichowachanganya watu ni mizigo ya kuazima, maana ndani ya Kialbania kuna mamia ya maneno ya Kilatini, kuna Kigiriki, kuna Kislavi, kuna Kituruki kibao, kuna Kiitaliano, ukianza kumenya maganda yote hayo unabaki na kiini kidogo ila kigumu kweli kweli. Hesabu zao moja mpaka kumi ni za nyumbani, një, dy, tre, katër, pesë. Kuna kimoja kinachonifurahisha, neno motër, ambalo ni lile lile la ukoo lililozaa mother ya Waingereza na mater ya Kilatini, kwa Mwalbania ni dada. Dada! Nadhani kwetu huku ambako mama mdogo ni mama kabisa na anakuchapa kama mama, hilo halihitaji maelezo marefu.

Tatizo lingine ni kwamba hizi lugha zimechelewa sana kuandikwa. Miaka ya 1280 kule Dubrovnik kuna shahidi wa kesi ya wizi alisema alisikia sauti inapiga kelele mlimani kwa lugha ya Kialbania, na karani akaandika hayo kwa Kilatini, kile kilichosemwa chenyewe hakikuandikwa, inaudhi. Sentensi ya kwanza kabisa tuliyonayo ni ya 1462, ya askofu mkuu wa Durrës, Pal Engjëlli, aliandika maneno ya ubatizo kwa Kialbania ili wazazi waweze kumbatiza mtoto wenyewe pale padri asipopatikana. Kitabu cha kwanza ni cha padri Gjon Buzuku, 1555, na imebaki nakala moja tu duniani, ipo maktaba ya Vatikani. Waromania nao hawana la kujivunia hapo, andiko lao la kwanza lililopona ni barua ya 1521 ya mfanyabiashara aitwaye Neacșu, anamtonya meya wa Brașov kwamba Waturuki wanapandisha majeshi mto Danube. Kwahiyo zaidi ya miaka elfu moja kati ya Warumi na hizo karatasi ni giza, na mtu akitaka kujua nini kilitokea humo inabidi azihoji lugha zenyewe.

Zinahojiwaje? Hii nilieleweshwa vizuri zaidi Newala kuliko kwenye intaneti. Nilikuwa barazani kwa mjomba wangu, mwalimu mstaafu, nikaanza kumpigia hizi stori za Waalbania, akanisikiliza wee alafu akacheka akasema mjomba, hayo si yapo hapa hapa. Mswahili anasema watu, sisi Wamakonde tunasema vanu, Myao anasema wandu, Mmakua anasema atthu. Mswahili kitu, sisi chinu, Myao chindu. Akanyoosha kidole kama yuko mbele ya ubao, "Umeona utaratibu huo? Hamna aliyekaa akapanga."

Ndo hapo hapo. Neno likifanana sawasawa kila mahali pengine limeazimwa juzi tu, redio ni redio Masasi mpaka Moroni. Lakini maneno yakitofautiana kwa utaratibu, kila penye sauti hii kwa huyu kuna sauti ile kwa yule, ujue yametengana zamani na kila upande umeyatafuna kwa meno yake. Na Kialbania na Kiromania ndivyo vilivyo. Njegere kwa Mromania ni mazăre, kwa Mwalbania modhull. Kuna mnyama wa jamii ya nyegere, anachimba mashimo porini, Mromania anamwita viezure, Mwalbania vjedhull. Angalia vizuri, penye z ya Kiromania pana dh ya Kialbania (na inasomwa kama dh yetu ya dhahabu, hamna shida), na kule mwishoni penye r ya Kiromania pana ll ya Kialbania. Mvuke, abure na avull. Tena r na ll. Mtu hawezi kuniambia hizo ni bahati.

Alafu kuna hili la korongo, ndo nalipenda kuliko yote. Mromania korongo anamwita barză. Ukimuuliza kwanini barză hana jibu, ndo jina lake. Lakini kwa Kialbania bardhë ni nyeupe, z na dh zile zile. Yaani huyo ndege alipewa jina la "mweupe" na watu waliokuwa wanaielewa hiyo maana, Waromania wakabaki na jina maana ikawapotea, na ushahidi upo kwa binamu zao Wavlachi wa kusini (Waaromania wanaitwa pia), hao mpaka leo wana bardzu kwa mnyama mwenye rangi nyeupe, na dz yao iko katikati kabisa ya safari, kati ya z na dh. Na korongo wenyewe ni hawa hawa weupe wenye mabawa meusi nchani ambao baridi ikianza Ulaya wanapita Bosphorus, wanapita Misri, wanashuka na Nile mpaka huku Tanzania na kwenda zaidi kusini.

Ukiorodhesha maneno ya namna hii, wanaohesabu kwa ukali wanapata kama 70, wasiobana sana wanafika 90 na zaidi, na mengi huwezi kuyapatia asili kwenye Kilatini wala Kigiriki wala Kislavi. Sasa yasome uone yanatoka wapi. Beberu ni țap na cjap, na hizo ț na c zote ni "ts". Kupe ni căpușă na këpushë. Mavi ya ng'ombe balegă na bajgë. Mtoto wa farasi mânz na mëz. Mwiba ghimpe na gjemb. Kijito pârâu na përrua. Nyoka wa sumu wa jamii ya kifutu năpârcă na nepërkë. Mti wao ule wa baridi wanaoupamba Krismasi, ule wenyewe sio mvinje wetu wa ufukweni, ni brad na bredh. Mafigani, pale moto unapokaa, vatră na vatër. Hamna neno la mfalme hapo, hamna neno la soko, la meli wala la shule. Ni mtu anayetembea na wanyama mlimani, anachomwa na miiba, anawatoa kupe, jioni anakoka moto.

Lipo moja linaloniambia zaidi, strungă kwa Kiromania, shtrungë kwa Kialbania. Huo ni ule upenyo wa zizi la kukamulia. Mchungaji anakaa kwenye upenyo kajikunja na ndoo yake, nyuma kuna kijana na fimbo anawasukuma kondoo, upenyo unatosha kondoo mmoja tu, kila anayejitokeza anadakwa, anakamuliwa fasta, anasukumwa atokee upande wa pili, anakuja mwingine. Alafu maziwa yale yanagandishwa kwa kitu kinachotoka kwenye tumbo la mwanakondoo anayenyonya bado, na hicho kitu Mwalbania anakiita rrëndës, wakati Mromania ana rânză ambalo kwake ni tumbo la mnyama au firigisi. Watu wawili hawawezi kushea maneno ya ndani hivyo kama hawajawahi kukaa zizi moja. Neno la duka linasafiri lenyewe na mfanyabiashara, ila neno la upenyo wa kukamulia, hilo unalijua kama umekaa hapo na ndoo.

Na sio hayo ya kale tu. Hata Kilatini chao kimepindia pamoja. Kilatini kilikuwa na palus, kinamasi, na Italia mpaka leo padule ni kinamasi. Kwa Mromania neno hilo limekuwa pădure, kwa Mwalbania pyll, na wote wawili maana yake ni msitu. Kumbe mahali fulani watu waliozungukwa na misitu ya majimaji walianza kuita msitu kinamasi, na walikuwa wanafanya hivyo kwa pamoja au kwa kusikilizana. Draco ya Kilatini, joka, kwa Mromania imekuwa drac na kwa Mwalbania dreq, kote ni shetani.

Hapa niwape watu wa Nachingwea zawadi yao. Wazee waliowaona wapiganaji wa Frelimo wakifanya mazoezi pale wanaijua a luta continua kama wanavyojua majina yao. Hiyo luta ni lucta ya Kilatini, mieleka. Mreno kaitupa c yake tu ikaisha. Mromania anasema luptă, ni mapambano, Mwalbania anasema luftë, ni vita. Mnaona ile p na f pale katikati? Warumi walikuwa na k, hawa wawili wakaipeleka midomoni. Na paja ni hivyo hivyo, kwa Kilatini coxa, Kiromania coapsă, Kialbania kofshë. Mabadiliko hayo hayafuatani kote ndani ya Kialbania, kuna maneno yamekwenda njia nyingine, lakini yapo ya kutosha kukufanya useme hawa walijifunza Kilatini kwa walimu wa mtaa mmoja.

Grama ndo kabisa. Lugha za Ulaya zenye kile kineno cha "yule" wengi wanakitanguliza mbele ya jina, hawa wanakigandisha mwishoni. Mbwa mwitu kwa Mromania ni lup, yule mbwa mwitu ni lupul. Kwa Mwalbania ni ujk, yule ni ujku. Majina tofauti kabisa ila mkia unakaa pale pale. Na mnaujua huo mkia hata kama hamjui mnaujua, maana Dracula alikuwa mtu wa kweli, mtawala Vlad wa Wallachia, na baba yake aliingizwa kwenye chama cha mashujaa wa Joka mwaka 1431 akaanza kuitwa Dracul, drac na ul yake nyuma, yule joka au yule shetani, uchague mwenyewe, na mwana akawa wa Dracul. Kuna na hili, sisi tunasema nataka kwenda, Mreno pia ana kwenda yake ya hivyo, lakini kule Balkani wanapenda kusema "nataka niende", Mromania vreau să merg, Mwalbania dua të shkoj, neno kwa neno nataka niende. Na Wabulgaria wana mkia huo na wana "nataka niende" hiyo hiyo, na Wagiriki wana ya pili, ndo maana mwaka 1829 Mslovenia Jernej Kopitar aliandika kwamba Kialbania, Kiromania na Kibulgaria ni kama umbo moja la lugha lililojazwa vitu vya aina tatu. Kwahiyo grama peke yake haithibitishi undugu wa hawa wawili, inathibitisha kwamba Balkani watu waliishi na lugha mbili tatu kichwani, kama mtoto wa Masasi tu. Nguvu ipo kwenye yale maneno ya zizini.

Mjomba hapo akauliza swali la maana kuliko yote niliyosoma. "Sasa mjomba, hao waliazimana au walirithi?"

Ndo ubishi wenyewe huo, na umeshakula watu. Kambi moja inasema walirithi, yaani kabla ya Warumi kulikuwa na lugha fulani ya zamani, au lugha mbili jirani sana, baadhi ya wenyewe wakahamia Kilatini wakawa Waromania huku wamebaki na maneno ya babu kwa vitu vya nyumbani, na wengine waliokuwa milimani zaidi hawakuhamia, wakameza Kilatini kingi ila mfupa ukabaki wao, ndo Waalbania. Kambi nyingine inasema hapana, Waromania wa mwanzo walikuwa tayari wanaongea Kilatini, wakachunga pamoja na mababu wa Waalbania wakaazima maneno ya kazi kwa wenye kazi. Mimi nikiangalia lile z na dh naona yoyote kati ya hizo mbili ilitokea zamani sana, kabla dh ya Kialbania haijawa dh, na kabla Waslavi hawajafurika Balkani karne ya 6 na ya 7 wakawatenganisha. Baada ya hapo Waromania wakala Kislavi kwa mikono miwili, mpaka ndiyo yao ni da na rafiki yao ni prieten.

Na hiyo lugha ya zamani ilikuwa ipi? Waalbania wengi watakwambia Kiiliria, kwasababu Wailiria ndo waliokuwa ukanda huo wa pwani enzi za Warumi, na Ptolemy, mwanajiografia wa karne ya 2, anataja kabila la Albanoi na mji wao Albanopolis huko huko. Shida ni kwamba Kiiliria chenyewe kimebaki majina ya watu na ya mahali, sentensi hamna. Mjerumani Gustav Weigand mwaka 1927 akaja na hoja kumi na mbili za kupinga, kwamba walitoka ndani zaidi, upande wa Wathrakia, watu wa kale wa mashariki ya Balkani. Moja ya hoja zake sisi watu wa pwani tunaielewa haraka, kwamba maneno mengi ya Kialbania ya bahari na uvuvi ni ya kuazima, hata samaki wanasema peshk, ambayo ni piscis ya Kilatini. Kama babu zako wamekaa Durrës miaka yote hiyo wanavua, samaki unamwazima jina kwa nani? Hoja nzuri, lakini haimalizi kesi, maana watu wanaweza kuishi kilometa ishirini toka baharini wasijue kuvua. Mbulgaria Vladimir Georgiev yeye akavuta upande wa Wadakia na Wamisia, ambao wangekuwa karibu kabisa na Waromania. Alafu kuna majina ya miji, Niš ya Serbia ilikuwa Naissus, na namna jina lilivyobadilika inafuata kanuni za Kialbania, hiyo inawavuta tena mababu zao ndani ya nchi, mbali na bahari.

Kinachokera ni siasa kuingia. Enver Hoxha, dikteta wa kikomunisti wa Albania, alifanya Uiliria kuwa kama dini ya taifa, watoto wakahimizwa kupewa majina kama Agron, Teuta na Ilir. Ceaușescu, dikteta wa Romania, naye upande wake akapenda Wadakia kupita kiasi, mwaka 1980 akasherehekea miaka 2050 ya dola ya mfalme Burebista, hebu fikiria sherehe hiyo. Sababu ni kwamba kila mmoja ana jirani wa kumwonyesha kwamba sisi tulitangulia, Mromania kwa Mhungaria kuhusu Transylvania, Mwalbania kwa Mserbia kuhusu Kosovo. Ndo maana Mromania mzalendo haipendi hata kidogo nadharia ya Robert Roesler ya 1871 kwamba Waromania walitokea kusini ya Danube wakahamia kaskazini baadaye. Mimi sina shamba kule, na kwa hayo maneno ya kukamulia naona ni vigumu kukwepa kwamba angalau sehemu kubwa ya hao watu walikaa kusini ya Danube, sehemu za ndani za Balkani, na mifugo yao. Kama na kaskazini walibaki wengine, poa, hainizuii kulala.

Baadaye waliletewa na kitu kingine cha pamoja, Waturuki, na kupitia Waturuki maneno ya Kiarabu ambayo na sisi tunayo kwa njia ya jahazi. Duka letu kwa Mwalbania ni dyqan, kwa Mromania dugheană. Msafiri wetu kwao ni mysafir na musafir, ila kwao ni mgeni, aliyeshafika anasubiri chai.

Kama mnataka kuwaona hawa wawili wako pamoja kwa macho, msiende Bucharest wala Tirana, someni habari za Voskopojë, zamani Moscopole, kijiji cha milimani kusini mashariki ya Albania. Karne ya 18 kilikuwa mji wenye pesa za wafugaji na wafanyabiashara Wavlachi, kina mtambo wa kuchapa vitabu na chuo chao, na mkuu wa chuo hicho Theodor Kavalliotis alichapisha Venice mwaka 1770 kitabu cha kufundishia chenye orodha ya maneno ya safu tatu, Kigiriki, Kivlachi, Kialbania, sababu ndo lugha walizoingia nazo darasani watoto wake. Mwanachuoni Johann Thunmann akaichukua hiyo orodha akaichapisha tena kwa Wajerumani 1774, na yeye ndo akasema Waalbania ni wana wa Wailiria na Wavlachi ni wana wa Wathrakia, ubishi wote nilioueleza hapo juu ukaanzia pale. Na Kavalliotis mwenyewe hajapona, wengine wanamwita Mvlachi, wengine Mwalbania, na Wagiriki nao wanamdai.